Jean Ayres: Mtetezi wa watoto waliodhaniwa kuwa watukutu

KUNA watoto ambao dunia huwachoma kama miiba. Kengele ya shule ikilia, wao huziba masikio na kuangua kilio kana kwamba wamechapwa. Wakivishwa sweta jipya, huhangaika kulivua kwa sababu linawawasha kupita kiasi. Siku ya kunyolewa nywele au kukatwa kucha, nyumba nzima hukosa amani. Chakula laini kikiwa na vipande vigumu ndani yake huwatapisha, ilhali hawaumwi tumbo.

Wapo pia walio kinyume cha hao. Hawatulii kitini hata kwa dakika moja. Hujigonga ukutani, huwakumbatia wenzao kwa nguvu hadi wakawaumiza, huzungukazunguka wasipate kisunzi, na hujikwaa mahali ambapo wengine hupita bila taabu.

Kwa miaka na mikaka, watoto wa aina hiyo walibandikwa majina. Waliitwa watukutu, wavivu, wazito wa kichwa au waliodekezwa. Mzazi alilaumiwa kwa ulezi mbaya, naye mtoto akalaumiwa kwa kiburi. Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengi wakaufasiri usemi huo kuwa kibali cha kushika kiboko.

Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuubadilisha mtazamo huo ni mwanamke Mmarekani aliyeitwa Anna Jean Ayres. Hakuwa daktari wa upasuaji wala mwanasiasa. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya shughuli, yaani taaluma inayowasaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu kuzimudu kazi za kila siku kama vile kuvaa, kula, kuandika na kucheza. Swali lake kuu lilikuwa jepesi kulitaja lakini gumu kulijibu: je, huenda mtoto huyu hakatai kutenda, bali mwili na ubongo wake haumruhusu?

Utoto wa shambani

Ayres alizaliwa Julai 18, 1920, mjini Visalia katika jimbo la California, magharibi mwa Marekani. Familia yake ilimiliki shamba la jozi, yale matunda yenye maganda magumu ambayo kokwa zake huliwa kama njugu. Huko ndiko alikokulia pamoja na ndugu zake.

Inasimuliwa kwamba katika utoto wake yeye mwenyewe alipatwa na matatizo ya kujifunza yaliyofanana na yale ambayo baadaye aliyafanyia utafiti. Iwapo ndivyo, basi hakuwa mgeni katika dunia ya watoto aliowahudumia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huenda Ayres alikuwa amekilalia.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Southern California, jijini Los Angeles, akahitimu shahada ya kwanza katika tiba ya shughuli mwaka wa 1945. Huo ndio mwaka Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika. Taaluma hiyo ilikuwa imepanuka kwa kasi nchini Marekani kwa sababu wanajeshi wengi walirejea nyumbani wakiwa majeruhi, nao walihitaji watu wa kuwafundisha upya jinsi ya kuitumia mikono na miguu yao.

Ayres hakukomea hapo. Mwaka wa 1954 alipata shahada ya uzamili katika taaluma iyo hiyo na chuoni humo humo. Mwaka wa 1961 akatunukiwa shahada ya uzamifu katika saikolojia ya elimu. Mchanganyiko huo wa elimu ulikuja kumfaa sana. Tiba ilimfundisha kuuangalia mwili, nayo saikolojia ikamfundisha kupima kwa makini yale ambayo jicho pekee haliwezi kuyathibitisha.

Fumbo lisilo na kidonda

Katika miaka yake ya mwanzo kazini, Ayres aliwahudumia watu wazima na watoto waliokuwa na maradhi ya mfumo wa neva, wakiwemo watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa hao, tatizo lilionekana wazi. Mguu ulikuwa umekakamaa au mkono haukunyooka.

Kilichomshangaza ni kundi jingine la watoto. Hawa walikuwa na viungo timamu. Macho yao yaliona, masikio yao yalisikia na akili zao zilikuwa za kawaida. Hata hivyo, walishindwa kufunga vifungo vya shati, kudaka mpira, kukaa wima kwenye kiti au kunakili herufi kutoka ubaoni. Baadhi walishtuka wakiguswa kidogo tu begani. Wengine walishikwa na hofu kuu miguu yao ilipoinuliwa kutoka ardhini, hata kwa urefu wa shubiri moja.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba katika enzi hiyo hapakuwa na huruma nyingi kwa wazazi wa watoto kama hao. Wataalamu kadhaa wenye majina makubwa walidai kuwa matatizo ya tabia yalitokana na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwa mfano, alichapisha kitabu mwaka wa 1967 ambacho kilieneza dhana kuwa usonji husababishwa na ubaridi wa wazazi. Dhana hiyo ilikuja kutupiliwa mbali, lakini si kabla ya kuwaliza akina mama wengi.

Ayres alifuata njia tofauti. Badala ya kutafuta wa kulaumiwa, alielekeza macho yake kwenye ubongo. Kati ya mwaka wa 1964 na 1966 aliendelea na masomo ya juu katika taasisi ya utafiti wa ubongo ya Chuo Kikuu cha California jijini Los Angeles, maarufu kama UCLA. Alikuwa tayari na shahada ya uzamifu na umri wa zaidi ya miaka 40, lakini alikubali kuwa mwanafunzi tena ili aelewe jinsi seli za neva zinavyopokea na kupitisha habari.

Milango ya fahamu isiyoonekana

Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ayres alisisitiza umuhimu wa milango mingine miwili ambayo haionekani na ambayo watu wengi hawaitaji.

Wa kwanza umo ndani kabisa ya sikio, mahali penye mifereji midogo yenye majimaji. Mtu akiinamisha kichwa, akizunguka au akiruka, majimaji hayo husogea na ubongo ukaarifiwa kuwa mwili umebadilisha mkao. Ni kwa msaada wa mlango huo ndipo mtu husimama asiyumbe. Wa pili umo katika misuli na maungio ya mifupa. Kwa sababu yake, mtu anaweza kufumba macho na bado akaigusa pua yake, au akapanda ngazi bila kutazama kila kidato.

Kwa maoni ya Ayres, habari zinazotoka katika milango hiyo miwili, pamoja na zile za ngozi, ndizo msingi wa nyumba. Mtoto huzitegemea tangu akiwa mchanga ili ajifunze kushika shingo, kukaa, kutambaa na kutembea. Baadaye kusoma na kuandika hujengwa juu ya msingi huo. Msingi ukitikisika, ukuta hupata nyufa.

Kila sekunde ubongo hupokea habari chungu nzima: joto la chumba, mguso wa nguo, sauti ya mwalimu, kelele za nje, mwanga wa dirishani. Ubongo hulazimika kuchuja, kupanga na kuamua lipi lishughulikiwe na lipi lipuuzwe. Ayres aliiita kazi hiyo muungano wa hisi. Katika maandishi yake aliifananisha hali ya ubongo ulioshindwa kuifanya kazi hiyo na msongamano wa magari barabarani. Msomaji aliyewahi kukwama kwenye mzunguko wa barabara jijini Nairobi saa za jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Magari yapo, barabara ipo, lakini hakuna anayefika aendako.

Mwaka wa 1963 chama cha wataalamu wa tiba ya shughuli nchini Marekani kilimpa heshima ya kutoa mhadhara wake mkuu wa kila mwaka, unaojulikana kwa jina la Eleanor Clarke Slagle. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu watoto wasiovumilia kuguswa. Alieleza kuwa mtoto anayemsukuma mwenzake kwenye foleni kwa sababu ameguswa kidogo huenda hana nia ya ugomvi. Ngozi yake huuletea ubongo mguso huo kama hatari, naye hujihami jinsi mtu yeyote anavyojihami akishambuliwa.

Maelezo hayo yalileta mageuzi makubwa katika namna ya kumtazama mtoto. Mwalimu aliyemwona mgomvi sasa aliweza kumwona mwoga. Aliyemwona mvivu wa kuandika aliweza kujiuliza iwapo vidole vya mtoto huyo vinajua kiasi cha nguvu zinazotakiwa kuishika kalamu.

Alipenda kupima kuliko kukisia

Kilichomtofautisha Ayres na watu wengine wenye huruma ni kwamba hakuridhika na huruma. Alitaka vipimo. Kuanzia miaka ya 1960 alibuni majaribio mengi ya kuwapima watoto. Katika baadhi yake, mtoto alifichwa mkono wake nyuma ya kizuizi, akaguswa kidole na kutakiwa kutaja ni kipi kilichoguswa. Katika mengine aliigiza mikao ya mwili aliyoonyeshwa, au akasimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa.

Mwaka wa 1972 aliyaunganisha majaribio hayo na kuyachapisha kama mkusanyiko mmoja. Mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha kwanza kikubwa kuhusu muungano wa hisi na matatizo ya kujifunza, kilichowalenga wataalamu. Mwaka wa 1975 aliongeza jaribio ambalo mtoto huzungushwa mara 10 kwa sekunde 20 juu ya ubao, kisha macho yake yakatazamwa yanavyochezacheza anaposimamishwa. Muda wa kuchezacheza huko ulimpa Ayres dokezo kuhusu jinsi ubongo unavyozitumia habari za sikio la ndani.

Matokeo ya watoto wengi aliyachambua kwa hesabu za takwimu ili aone ni matatizo yapi huandamana. Aligundua kuwa hayakuwa tatizo moja, bali makundi kadhaa. Kulikuwa na watoto wasiovumilia mguso, watoto wenye udhaifu wa kujisawazisha, na watoto walioshindwa kupanga matendo mapya ingawa misuli yao ilikuwa na nguvu. Hao wa mwisho wangeweza kukimbia vizuri, lakini wakiambiwa wapite chini ya kamba kisha waruke kizuizi, walisimama wasijue pa kuanzia.

Tiba iliyofanana na mchezo

Katika miaka ya 1970 Ayres alifungua kliniki yake mjini Torrance, karibu na Los Angeles. Mgeni aliyeingia humo hangeona vitanda vya wagonjwa wala chupa za dawa. Angekuta bembea zilizoning'inizwa darini, magodoro, mteremko wa mbao na vibao vyenye magurudumu. Mtoto alilala kifudifudi juu ya kibao, akajisukuma na kuteleza kwenye mteremko huku ameinua kichwa na kunyoosha mikono.

Kwa mpita njia huo ulikuwa mchezo mtupu. Kwa Ayres kila kifaa kilikuwa na kazi. Kuteleza kifudifudi kuliamsha hisi ya msawazo katika sikio la ndani na kuilazimisha misuli ya shingo na mgongo ifanye kazi. Kung'ang'ania bembea kulizipa habari misuli na maungio. Kusuguliwa kwa kitambaa kuliituliza ngozi iliyozoea kushtuka, mradi tu mtoto mwenyewe ameridhia.

Sharti hilo la ridhaa lilikuwa nguzo ya kazi yake. Aliamini kwamba ndani ya kila mtoto mna msukumo wa kutaka kukua na kujaribu. Mtaalamu alipaswa kuandaa mazingira na kuchagua jambo ambalo si jepesi mno likamchosha mtoto, wala si gumu mno likamvunja moyo. Kumlazimisha mtoto anayeogopa bembea apande bembea hakukuwa tiba machoni pake.

Mwaka wa 1979 alichapisha kitabu kingine, safari hii kwa ajili ya wazazi. Alikiandika kwa lugha nyepesi akieleza jinsi ubongo unavyokua na kwa nini mtoto hutenda anavyotenda. Kwa wazazi wengi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa na mtaalamu kwamba hawakumharibu mtoto wao. Kitabu hicho kilichapishwa upya mwaka wa 2005, miaka mingi baada ya mwandishi wake kuiaga dunia.

Kwa Ayres, suala hili halikuwa la kliniki peke yake. Mpwa wake mmoja alikuwa na matatizo kama yale ya watoto aliowatibu. Alimwandikia kijana huyo barua akimfafanulia kwa upole jinsi ubongo wake unavyofanya kazi. Barua hizo zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka wa 2004. Shangazi huyo mwenye shahada ya uzamifu hakumwona mpwa wake kuwa mjinga wala mkaidi. Alimwona kama mtu aliyestahili kuelezwa ukweli kuhusu mwili wake.

Hoja na upinzani

Si kila mtu aliyempigia Ayres makofi. Tangu enzi za uhai wake kulikuwa na wanasayansi waliotilia shaka nadharia yake. Walisema aliunganisha mambo mengi kwa uzi mwembamba, na kwamba kubembea hakuwezi kumfundisha mtoto kusoma. Mwaka wa 1999 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi uligundua kwamba tafiti za awali zilionyesha manufaa ilhali zile za karibuni zaidi hazikuonyesha tofauti na kutopewa tiba.

Mwaka wa 2012 chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kiliwashauri wanachama wake wasilitumie tatizo la hisi kama jina la ugonjwa unaojitegemea. Kilieleza kuwa tiba ya aina hii yaweza kuwa sehemu ya mpango mpana wa kumsaidia mtoto, lakini wazazi waambiwe wazi kwamba ushahidi wake ni mchache.

Tafiti zilizofuata hazikuumaliza ubishi. Mwaka wa 2014 utafiti mmoja wa Marekani uliowashirikisha watoto 32 wenye usonji ulionyesha kuwa waliopewa tiba kwa kufuata kanuni za Ayres walitimiza malengo yao ya kila siku kuliko wenzao. Hata hivyo, mwaka wa 2022 utafiti mkubwa zaidi uliofanywa nchini Uingereza na Wales kwa watoto 138 haukupata dalili kwamba tiba hiyo iliwafaa kuliko huduma za kawaida.

Hapa msomaji atenganishe mambo mawili. La kwanza ni kama matatizo aliyoyaeleza Ayres yapo. Katika hilo sayansi imesogea upande wake. Mwaka wa 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili uliingiza hali ya kuhisi kupita kiasi au kutohisi vya kutosha miongoni mwa dalili za usonji. La pili ni kama tiba yake huyaondoa matatizo hayo. Hilo halijathibitishwa kikamilifu, na mzazi anayeahidiwa uponyaji kwa malipo makubwa ana haki ya kuuliza maswali.

Inafaa kutaja kwamba Ayres mwenyewe hakudai kuwa tiba yake inamfaa kila mtoto. Katika utafiti aliouchapisha pamoja na mwenzake mwaka wa 1980 kuhusu watoto 10 wenye usonji, alionyesha kwamba waliohisi mguso na mwendo kupita kiasi walinufaika kuliko wale ambao hawakuonyesha dalili za kuhisi. Mtu anayetangaza dawa ya kila ugonjwa haandiki matokeo ya aina hiyo.

Kifo na urithi wake

Ayres alifariki Desemba 16, 1988, akiwa na umri wa miaka 68. Wakati huo alikuwa ameshughulika kwa miaka kadhaa kuyafanyia marekebisho majaribio yake. Toleo jipya lenye majaribio 17, lililosanifiwa kwa kuwapima watoto karibu 2,000 wa Amerika Kaskazini, lilichapishwa mwaka wa 1989. Hakujaaliwa kuliona likitumika.

Mbegu aliyoipanda imefika mbali na shamba la jozi la Visalia. Wataalamu wa tiba ya shughuli wa mataifa mengi husoma kazi zake, wengine ili wazifuate na wengine ili wazikosoe. Hapa Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu (KMTC) kilianza kuwafundisha wataalamu wa fani hiyo mwaka wa 1968. Vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, vijulikanavyo kwa ufupi kama EARC, vilianzishwa mwaka wa 1984. Mzazi mwenye wasiwasi ana mahali pa kuanzia.

Hatua ya kwanza ni kumpima mtoto macho na masikio, kwa sababu asiyesikia vyema hufanana sana na asiyetii. Hatua ya pili ni kumchunguza bila hasira na kuandika: ni lini hasa huzuka kilio, mahali gani, baada ya sauti, harufu au mguso gani? Orodha ya wiki mbili au tatu humsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya jumla kwamba mtoto ni msumbufu.

Yapo pia mambo madogo yasiyohitaji fedha. Mtoto aogopaye kelele aweza kuarifiwa kabla kengele haijapigwa, au akaketishwa mbali na mlango. Anayewashwa na lebo ya shati aikatiwe. Asiyetulia apewe kazi ya kufuta ubao, kubeba vitabu au kusaidia kukanda unga wa chapati, maana baadhi ya watoto hutulia misuli yao ikipata kazi. Anayekataa chakula fulani asishindiliwe mdomoni. Aachwe akiguse, akinuse na akizoee polepole. Mabadiliko haya si tiba ya hospitali, lakini humwondolea mtoto sehemu ya mzigo huku akisubiri kuonwa na mjuzi.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikalitilia mkazo katazo hilo. Hata hivyo, sheria yaweza kuuzuia mkono pasipo kuibadilisha fikira iliyouinua. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto anamfanyia makusudi atatafuta adhabu nyingine, iwe ni kumsimamisha juani au kumfedhehesha mbele ya wenzake. Naye mtoto ambaye mwili wake unamsaliti atajifunza jambo moja tu, kwamba yeye ni mbaya.

Ayres alitumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake kuuliza kwa nini mtoto ametenda hivyo kabla ya kuamua atendewe nini. Baadhi ya majibu yake yamestahimili muda na mengine bado yamo mizanini. Swali lenyewe halijachakaa, na kila mzazi au mwalimu anaweza kuliuliza leo, kabla ya kumwita mtoto mtukutu.